Mbwa Asiyebweka na Somo la Daftari Lililofungwa

Huenda umepata kumwona askari akipita na mbwa wa Kijerumani, kifua kipana na masikio yamesimama, ukasema moyoni: laiti ningepata mtoto wake mmoja alinde nyumba yangu. Wengi hutamani hivyo, na wauzaji hawakosi kutuonyesha cheti chenye majina ya baba, babu na babu wa babu.

Jirani yangu mmoja, askari mstaafu, alinunua mbwa wa namna hiyo kwa fedha alizoziweka akiba kwa muda mrefu. Mbwa hajatimiza miaka miwili, alikwisha kuanza kuinuka kwa taabu, miguu ya nyuma ikiyumba. Daktari wa mifugo alisema kwamba nyonga zake hazikukaa sawasawa katika kukua kwake, na kwamba udhaifu huo hurithiwa. Jirani akanijia na swali: "Mwalimu, yawaje mbwa wa ukoo safi awe mgonjwa, na yule wa jalalani akimbie?"

Swali hilo ni la haki, na jibu lake laonekana vizuri katika habari za mbwa aliyetoka katika misitu ya Kongo.

Mbwa huyo huitwa basenji. Jina lenyewe lina asili ya Kilingala, nalo ni ndugu wa neno letu "washenzi". Yaani mbwa wa watu wa porini. Ni mdogo wa umbo, mkia wake umejikunja mgongoni, wala habweki kama mbwa wengine, bali hutoa sauti kama ya mtu aimbaye kooni. Wawindaji humfunga kengele shingoni ili wapate kujua alipo vichakani. Kwa vizazi vingi hakuna aliyemchagua kwa cheti. Aliyekuwa na mbio, pumzi na akili aliishi akazaa. Aliyekuwa dhaifu alibaki nyuma.

Basenji wa kwanza kuonyeshwa Uingereza, mwaka 1895, walikufa kwa maradhi. Katika miaka ya 1930 wengine walifikishwa huko wakaishi, na baadaye uzao ukavuka bahari hadi Marekani. Lakini waliochukuliwa walikuwa wachache mno. Majina yao yakaandikwa katika daftari la ukoo, kisha daftari likafungwa: mbwa ambaye wazazi wake hawakuandikwa humo hakuhesabiwa kuwa basenji halisi.

Mkulima ataelewa hatari yake. Chota konzi moja ya mahindi katika gunia lenye punje chache mbovu. Ikiwa punje mbili mbovu zimeingia katika konzi hiyo, nawe ukapanda mbegu ya konzi hiyo tu mwaka hata mwaka, ubovu ambao haukuonekana guniani utalijaza shamba.

Katika damu mambo huwa hivi. Kila mtoto hupokea urithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Maradhi mengi ya kurithi hayajitokezi mpaka dosari ile ile itoke pande zote mbili. Mbwa aliyeipokea upande mmoja huonekana mzima kabisa, lakini ameibeba. Wabebaji wawili wakipandana, kwa wastani mtoto mmoja katika kila wanne atakuwa mgonjwa, na wawili watakuwa wabebaji kama wazazi wao. Ndugu hufanana katika urithi wao. Kwa hiyo kuwapandisha ndugu ni kuzikutanisha dosari zilizojificha.

Ndivyo ilivyotokea kwa basenji. Kwanza ulizuka ugonjwa wa upungufu wa damu. Wafugaji wakapima mbwa wao, na waliobeba dosari wakaondolewa uzazini kwa wingi. Nia ilikuwa njema, lakini konzi ikazidi kuwa ndogo. Kisha ukaenea ugonjwa mwingine, uitwao Fanconi, ambao huharibu figo. Sukari na madini yanayohitajika mwilini hupotea katika mkojo. Mbwa hunywa maji bila kiasi, hukojoa mno, hukonda, na asipotibiwa hufa. Ubaya wake ni kwamba kwa kawaida hujitokeza mbwa akiwa na umri wa miaka minne hadi minane, wakati amekwisha kuzaa.

Wafugaji wa Marekani walifanya nini? Mwaka 1987 na 1988 baadhi yao walisafiri hadi Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakatafuta mbwa katika vijiji vya kaskazini-mashariki. Mwaka 1990 daftari la Marekani lilifunguliwa, na mbwa 14 wapya wakaandikwa. Hivyo mbwa wa kijijini, asiye na cheti, alikwenda kuwaokoa jamaa zake wenye vyeti. Baadaye, mwaka 2007, kikapatikana kipimo cha urithi cha kukisia wabebaji, na mwaka 2011 kipimo cha dosari yenyewe. Mbebaji aliye mzima hana haja ya kutupwa. Hupandishwa na asiyebeba, na hakuna mtoto atakayeugua ugonjwa huo.

Dosari nyingine hazifichiki, kwa kuwa watu huzitafuta wenyewe na kuziita uzuri. Mbwa aina ya buldogi alichaguliwa kwa pua fupi na kichwa kikubwa. Leo wengi wao hukoroma kwa kukosa pumzi, na wengi hawazai ila kwa kupasuliwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Basi anayefuga mbwa nyumbani na ayashike haya. Asipandishe kaka na dada, wala baba na binti. Dume mmoja, hata awe hodari namna gani, asiachiwe kuwa baba wa mbwa wote wa mtaa au kambi. Kabla ya kununua mtoto, awatazame wazazi wakitembea na kukimbia, na aulize babu na bibi zake waliishi miaka mingapi. Mbwa wa Kijerumani apigwe picha ya nyonga kabla ya kuzalishwa, pale penye mashine. Mbwa anayekunywa maji kupita desturi yake apelekwe kwa daktari wa mifugo mapema. Cheti hutaja majina ya wazazi. Afya yao sharti itazamwe kwa macho na kwa vipimo.

Mbwa wa jirani yangu angali hai. Hulala mlangoni, na bwana wake ajapo huinuka polepole kumlaki. Mara tatu wamekuja watu na fedha mkononi, wamesoma kile cheti, wakaomba awapandie majike wao. Mara tatu yule mzee amewakatalia.