MIGALI MUPOLE NA MIGALI MUKALI: NANI ANAFAA KUFUGWA?



Kila mwaka, mvua za kwanza zikisha kunyesha, hakukosi mwanafunzi wa kuingia mu kalase na bokali mukononi, na mule ndani buibui mukubwa wa manyoya. Wamoja wanapanda juu ya benchi, wengine wanakaribia. Kisha ulizo ni lile lile: tunaweza kumufuga? Na kuko mwenye kuongeza: tumuweke mu mukono? Kwa ulizo la pili tujibu mara moja: hapana. Kwa la kwanza inafaa tueleze kidogo.

Buibui yule kwa Kifaransa tunamujua kwa jina la migali. Ngambo watu wengi wanamuita tarantula, lakini jina lile lilitoka kwa buibui mwingine wa muji wa Taranto, kule Italia, asiye migali hata kidogo. Wazungu walipofika Amerika na kuona buibui wakubwa wa manyoya, wakawapa jina lenye walikuwa nalo tayari. Tuache hayo.

Mu Ulaya na Marekani watu wengi wanafuga migali mu nyumba, ndani ya sanduku la kioo, namna sisi tunafuga njiwa ao sungura. Mutu anayeanza, wanamushauri achague mupole, tena mwenye kutembea polepole. Majina yanayotajwa mara nyingi ni haya: Tliltocatl albopilosus wa Hondurasi, Nikaragua na Kosta Rika, mwenye manyoya ya kukunjana, Grammostola rosea wa Chile, ambaye anaweza kukaa pahali pamoja siku muzima mpaka unawaza amekufa, na Brachypelma hamorii wa Meksiko, mweusi mwenye magoti ya rangi ya machungwa. Muangalie vizuri: wote watatu ni wa Amerika. Wa Afrika hata mumoja hayumo. Juu ya nini?

Sababu ni silaha. Migali wengi wa Amerika wako na kitu chenye wa kwetu hawana. Juu ya tumbo lao kuna vinyweleo vidogo sana, vyenye ncha kama miiba. Adui akikaribia, migali anasugua tumbo kwa miguu ya nyuma, na vinyweleo vinaruka mu hewa kama vumbi ya upupu. Vikiingia mu pua ya munyama, anaacha na kuenda zake. Vikiingia mu jicho la mutu, ni kazi ya munganga wa macho. Basi mwenye silaha ya namna hiyo hana haraka. Anaweza kukaa kimya na kungoja. Migali wa Afrika na wa Asia hawana vinyweleo vile. Kwao kuko njia mbili tu: kukimbia mu shimo, ao kuuma. Na ndani ya bokali shimo haliko. Inabaki njia moja.

Mufano ni Pterinochilus murinus, ambaye mutaalamu Pocock alimuandika mu 1897. Anapatikana toka Angola mpaka Tanzania na Kenya (nchi ya Kenya, siyo komini yetu). Rangi yake inaweza kuwa ya kijivu, ya udongo ao ya machungwa, na mugongoni ana mistari inayotawanyika kama miali ya nyota. Ukimusumbua, anainuka, anapandisha miguu ya mbele, anaonyesha meno. Meno ya migali yanapiga toka juu kuenda chini kama jembe, hayabani kama koleo. Ndiyo maana anainuka kwanza. Akiinuka, amekwisha kukuambia. Sumu yake haijulikani kuua mutu, lakini uchungu ni mukali, pahali panavimba, na misuli inaweza kukazana kwa masaa mengi. Tena ana mbio: ukimugusa na kijiti, anaweza kupanda kijiti na kufika ku mukono mbele hujatupa.

Hapa watu wanachanganya mambo mawili. Kutembea polepole siyo upole. Kule Kenya na Tanzania kuko migali mukubwa anayeitwa Pelinobius muticus, muchimbaji wa mashimo marefu. Ni mwili muzito, hana mbio sana. Lakini umukaribie: anasugua sehemu za mwili wake na kutoa sauti kama ya nyoka, na kuuma anauma. Mwenye kuchagua kwa kuangalia mwendo tu atajuta.

Na hata wale wapole wa Amerika, wafugaji wenye akili hawawashike ovyo. Migali hana mifupa ndani. Miguu yake inanyooka kwa nguvu ya maji ya mwili, na tumbo ni kama mufuko mwembamba. Akianguka toka mikononi mwa mutu aliyesimama, tumbo linaweza kupasuka, na anakufa. Jike wa Chile anaweza kuishi miaka 20 na zaidi: ungemupata ukiwa mu sekondari, na watoto wako wenyewe wangemukuta. Dume, akisha kukomaa, haishi tena sana.

Kuagiza wale wa Amerika si jambo la kufanya kienyeji. Yule wa Meksiko na yule wa manyoya ya kukunjana wako chini ya mapatano ya CITES juu ya biashara ya wanyama, yenye inchi yetu ni mushirika tangu 1976. Bila karatasi za ruhusa hawapiti mupaka. Basi kwetu Lubumbashi tunabaki na migali wa udongo wetu, na yeye ni wa kutazama, siyo wa kushika. Anayetembea usiku mara nyingi ni dume anayetafuta jike. Jike yuko mu shimo lake, na mulango wake umetandikwa nyuzi nyeupe. Uende jioni na taa, ukae mbali kidogo, utamuona anatoka kungoja panzi. Usimuchokoze na waya.

Kama amekwisha kuingia mu bokali, mumuwekee udongo wa kimo cha kiganja, maji kidogo mu kifuniko, na panzi mumoja kwa juma. Mende wa nyumbani hapana, kama mulipuliza dawa ya wadudu. Mukimukuta amelala mugongo juu chini, hajakufa: anavua ngozi ya zamani, na siku zile musimuguse wala kumupa chakula. Kisha mumurudishe pale mulipomuokota. Laza bokali chini, mudomo wake uangalie majani, usukume kifuniko kwa fimbo ndefu, na urudi nyuma hatua tatu. Atatoka mwenyewe, hata ikimuchukua saa nzima.