Mwendo wa Kasi na Adabu Yake

Bila shaka mmekwisha kuona picha za zile motokaa fupi na pana, zenye tumbo karibu kugusa ardhi, zikikimbizana katika njia iliyozungushiwa vyuma. Wengi hudhani kwamba wote waendeshao motokaa za namna hiyo ni mabingwa wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo. Sivyo. Huko Ulaya kuna siku nyingi katika mwaka ambazo njia za mashindano hufunguliwa kwa watu wa kawaida: mwalimu, mwoka mikate, karani wa benki. Mtu hulipa ada, huingia na motokaa yake mwenyewe, huiendesha kadiri ya ustadi wake, kisha hurudi nyumbani kwa mkewe na watoto wake. Siku hizo hakuna kikombe, hakuna wa kwanza wala wa mwisho.

Neno hilo la kurudi nyumbani ndilo tunalotaka kulitafakari. Mchezo huu ni wa hatari, na wenye kuuongoza wametambua jambo linalomfaa kila mtu atumiaye njia, hata asiye na motokaa ya mashindano: kinachomlinda mwendeshaji si ushujaa wake, bali ni adabu yake kwa jirani.

Njia ya milima ya Eifel

Tutwae mfano wa mahali pamoja palipo mashuhuri. Upande wa magharibi wa Ujerumani, si mbali na mpaka wa Ubelgiji, iko milima iitwayo Eifel. Zamani nchi hiyo ilikuwa maskini. Mwaka 1925 watu waliokosa kazi walipewa kazi ya kujenga njia ya mashindano kuizunguka ngome ya kale ya Nürburg, nayo ikafunguliwa mwaka 1927. Yaitwa Nürburgring. Sehemu yake ya kaskazini, iliyo maarufu kuliko nyingine, ina urefu wa kilometa 20.8 hivi. Yapanda na kushuka ndani ya msitu, na kati ya bonde na kilele kimo chatofautiana karibu meta 300. Kona zake ni nyingi mno, hata mgeni hawezi kuzishika zote kichwani kwa siku moja. Njia nyingi za mashindano duniani hazifikii hata theluthi ya urefu huo.

Tangu mwanzo njia hiyo haikuwekwa kwa mabingwa peke yao. Raia mwenye hati ya kuendesha aliweza kulipa na kuingia, na hata leo ni hivyo. Lakini aingiaye katika siku hizo hana budi kujua kwamba sheria ya barabara yamfuata mpaka humo ndani. Kushindana kumekatazwa, na kupima muda wa mzunguko kumekatazwa pia. Mtu atauliza: saa ina kosa gani? Saa yenyewe haina kosa. Ila mwenye kushindana na saa hawaoni tena watu walio mbele yake, aona tarakimu tu.

Matengenezo ya kabla

Mwendeshaji mwenye busara huanza kazi yake nyumbani. Hutazama mipira kama haijaisha, hukaza nati za magurudumu, hupima mafuta ya injini. Zaidi ya yote huangalia breki. Kusimamisha motokaa ya kasi mara nyingi mfululizo hutia breki joto kali. Mafuta ya breki yakiwa ya zamani huweza kuchemka, na hapo mguu hukanyaga bure, motokaa isitii. Ndiyo maana mzunguko wa mwisho huendeshwa polepole, ili breki zipoe. Akiisha kusimama, mwenye akili haivuti breki ya mkono wakati vyuma bado vina moto.

Kadhalika huondoa kila kitu kisichofungwa: chupa ya maji, mwavuli, vifaa vya fundi. Chupa ikibingirika chini ya breki yatosha kumwua mtu. Kisha hufunga mkanda, na mahali pengi huvaa kofia ngumu, wala haruhusiwi kuingia bila hiyo.

Wanafunzi na wafanye hesabu hii. Motokaa iendayo kilometa 100 kwa saa yapita karibu meta 28 kila sekunde. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nafasi inayohitajiwa kwa breki kuisimamisha motokaa haizidi mara mbili tu, bali mara nne. Anayeijua hesabu hii hatamfuata mwenzake karibu karibu.

Adabu ya njiani

Nürburgring, kila mtu hushika upande wa kuume, na mwenye kupita hupita upande wa kushoto tu, kama ilivyo sheria katika njia zetu za Kongo. Mwenye mwendo mdogo hutazama kioo chake mara kwa mara, aonapo mwenye kasi yuaja nyuma, hukaa kuumeni na kuwasha taa ya kuume, maana yake: “Nimekuona, pita.”

Katika Uingereza na nchi nyingine, siku hizi hutengenezwa na vyama au wenye viwanja, nao huongeza masharti. Asubuhi wote hukusanyika kusikiliza maagizo. Asiyesikiliza maagizo haingii. Mizunguko ya kwanza huendeshwa taratibu, bila kupitana, ili kila mmoja aijue njia. Baadaye kupita kwaruhusiwa mahali paliponyoka tu, si katika kona, tena mpaka yule wa mbele akubali kwa kuonyesha mkono au taa, na kupunguza mwendo kidogo. Asipokubali, wa nyuma hungoja.

Tazameni jinsi sharti hili lilivyo la haki. Mwenye nguvu hamsukumi mnyonge, wala mnyonge hamzuii mwenye nguvu kwa kijicho. Mwenye motokaa ya thamani aweza kumwomba njia mwenye motokaa kuukuu, naye hutoa kwa hiari. Wahenga walisema: heshima si utumwa. Aliyempisha mwenzake hakupungukiwa na kitu.

Lugha ya bendera

Kando ya njia husimama walinzi wenye bendera. Bendera ya manjano yasema: mbele kuna hatari, punguza mwendo, usimpite mtu. Yenye milia ya manjano na nyekundu yaonya kwamba njia yateleza, pengine kwa mafuta yaliyomwagika. Ya buluu yamwambia mwendeshaji kwamba nyuma yake yuko mwenye kasi zaidi. Nyekundu yawarudisha wote polepole, kwa kuwa shughuli imesimamishwa. Nyeusi humwita mmoja aje ajieleze, aidha kwa kosa alilolifanya, aidha kwa kasoro ya motokaa yake ambayo yeye hajaiona.

Motokaa ikimwaga mafuta, mwenyewe hatakiwi kuikokota mpaka mwisho, maana kila tone ni mtego kwa wanaomfuata. Hutoka kando, huwasha taa za hatari, na ikiwa salama kushuka, huruka nyuma ya vyuma na kuwapasha habari walinzi.

Siku ya tarehe 1 Agosti 1976

Njia hii ya Eifel ilipata kufundisha kwa moto. Mwaka 1976 bingwa wa dunia, Niki Lauda wa Austria, aliwashauri wenzake wasishindane hapo, kwa sababu njia ni ndefu na msaada hauwezi kufika upesi. Wengi hawakukubali, na mashindano yakafanyika. Katika mzunguko wa pili motokaa yake ilitoka njiani, ikagonga, ikawaka moto naye akiwa ndani.

Waliomwokoa ni waendeshaji wenzake: Arturo Merzario, Guy Edwards, Brett Lunger na Harald Ertl. Waliingia katika miali ya moto, Merzario akafungua mikanda, wakamtoa. Hospitalini padri alimpa Sakramenti ya wagonjwa, kwa maana walidhani anakufa. Lakini alipona, na baada ya majuma sita tu akashindana tena huko Monza. Aliishi zaidi ya miaka 42 baada ya siku ile, akafa mwaka 2019. Mashindano ya dunia ya aina ile hayakurudi tena katika njia ile ndefu ya msituni.

Miaka hiyo yote alipewa na watu wanne ambao dakika moja kabla walikuwa washindani wake. Hapo mchezo ulionyesha uso wake mwema: mshindani ni jirani kwanza.

Na sisi je?

Huenda msomaji atasema: “Mambo hayo ni ya matajiri wa Ulaya, mimi nina pikipiki tu.” Ngoja kidogo. Katika njia ile wote huenda upande mmoja. Hakuna anayekuja mbele yako, hakuna mbuzi, hakuna mama mwenye mzigo wa muhogo kichwani, hakuna watoto wanaotoka shule. Walinzi wako tayari, na bendera. Hata hivyo wameona kwamba bila kupishana, bila kungoja na bila kuombana njia, watu watakufa. Basi sisi, ambao njia zetu zina mashimo na vumbi na watoto, twahitaji adabu hiyo mara ngapi zaidi?

Mwaka 2007 Vatikano ilitoa mafundisho kwa watumiao barabara, yenye amri kumi za mwendeshaji. Ya kwanza ni ile tuliyojifunza katika katekisimu: usiue. Nyingine yakataza kuifanya motokaa kuwa chombo cha kuonyesha ukubwa. Hayo yamhusu mwenye lori na mwenye pikipiki sawasawa.

Wengi hujifariji wakisema: ajali haina kinga. Kuna misiba isiyozuilika, ni kweli. Lakini breki iliyotazamwa ni kinga. Mkanda ni kinga. Kumngoja mwenzako apite kwanza ni kinga. Tusimsingizie Mungu mambo ambayo yalikuwa mikononi mwetu.

Nanyi wazazi, kijana wenu akija kuomba ufunguo wa pikipiki, msimwulize aweza kwenda kasi gani. Mwulizeni hivi: akikutana na mwenzake katika njia nyembamba, ni nani atakayempisha mwingine? Akijibu, “Mimi,” mpeni ufunguo.