Tembe za madini si ngao ya mishipa kwa wenye kisukari

MGONJWA wa kisukari wa Kitale au Bungoma anayefikiria kununua tembe za magnesiamu, zinki au kromiamu hana budi kujiuliza: je, zitaiokoa mishipa yake ya damu?

Swali hilo ni zito, kwani madhara mengi ya kisukari hupitia mishipani. Sukari ikizidi kwa muda mrefu, huharibu utando wa ndani wa mishipa, nayo ikakakamaa na kuziba. Hapo macho hupoteza nuru, figo hudhoofika, na kidonda kidogo huweza kumfanya mtu akatwe mguu.

Magnesiamu kweli ina kazi. Husaidia insulini kutenda kazi na mishipa kulegea. Mwenye sukari nyingi hukojoa mara kwa mara, akapoteza madini hayo.

Hata hivyo, tafiti zimeonyesha kuwa tembe za magnesiamu hupunguza shinikizo la damu kwa kiasi kidogo tu. Wataalamu hawapendekezi tembe za madini kwa mgonjwa asiye na upungufu, kwani hakuna ushahidi thabiti kwamba humwepusha na kiharusi au kukatwa mguu.

Kinyume chake, utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 1998 ulibainisha kuwa kudhibiti sukari kwa makini kulipunguza madhara ya mishipa midogo kwa asilimia 25. Kudhibiti shinikizo la damu kulipunguza kiharusi kwa asilimia 44.

Madini yenyewe hayako mbali. Mahindi yanayokuzwa kwa wingi Trans Nzoia na Bungoma yana magnesiamu, ila sehemu kubwa imo katika kiini na pumba, ambavyo huondolewa yanapokobolewa. Tangu 2012, wasagaji nchini hutakiwa kuongeza chuma na zinki katika unga wa pakiti, wala si magnesiamu.

Hivyo basi, ugali wa mahindi yasiyokobolewa au wa wimbi, pamoja na maharagwe, njugu na mboga za kienyeji, una faida zaidi. Lakini uwe kiasi, maana ugali wowote huongeza sukari.

Mwenye figo dhaifu na ajihadhari: magnesiamu ikikusanyika mwilini huweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Kabla ya kutumia fedha kwa tembe hizo, mgonjwa apimwe sukari, shinikizo la damu na figo, kisha amuulize daktari. Fedha za dawa alizoandikiwa zisiguswe.