Tone la damu ya popo

Jua likizama Garsen, popo hutanda juu ya majaruba ya mpunga na vijiji vya Wapokomo na Waorma kando ya Mto Tana. Hawa si wale wanaomaliza maembe. Ni wala wadudu, wanaonasa nondo, mbawakawa na mbu wakiwa hewani. Wengi wetu tunawaogopa, na wakionekana darini hufukuzwa kwa moshi. Kumbe damu yao imebeba habari za ugonjwa unaotusumbua wenyewe, malaria.

Mwaka 1953, Garnham na Heisch, wataalamu wa vimelea waliowahi kufanya kazi Kenya, walieleza kimelea kipya cha popo wala wadudu, wakakiita Nycteria medusiformis. Kimelea hicho ni jamaa wa vile vya malaria.

Kukitambua kunataka jicho lililozoea. Tone la damu hupakwa kwenye kioo, hukaushwa, hutiwa rangi ya Giemsa, kisha huangaliwa kwa hadubini. Katika damu ya mgonjwa wa malaria huonekana vimelea vichanga vyenye umbo la pete. Kwa popo mwenye Nycteria huonekana vimelea vya kiume na vya kike vilivyokwisha komaa, maana kule kuongezeka kwao hufanyika kwenye ini. Polychromophilus, kimelea kingine cha popo, hufanana nacho damuni, ndiyo maana siku hizi hupimwa pia vinasaba. Polychromophilus huenezwa na inzi wasio na mabawa wanaoishi manyoyani mwa popo. Mdudu anayeeneza Nycteria bado anatafutwa.

Mwaka 2016, Holly Lutz na wenzake walichapisha utafiti wa wanyama wa Afrika Mashariki uliodokeza kwamba vimelea vya malaria vya jamii ya nyani na ya panya vina asili yake kwa popo. Hayo ni mambo ya kale mno. Malaria ya leo Garsen huletwa na mbu aina ya Anopheles, kutoka mtu hadi mtu, wala si popo.

Delta ya Tana, ilipo Garsen, iliingia mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Utajiri wake hauishii kwa ndege na viboko; popo nao wamo. Basi tusiwafukuze kwa moshi wala kuwashika kwa mikono mitupu, maana wanaweza kuwa na virusi. Tuwaachie wadudu wao, nasi tulale ndani ya chandarua.