Sumu Iliyotegewa Simba Inawamaliza Tumbusi

Nyumbu akianguka asubuhi katika nyanda za Serengeti, tumbusi wa kwanza humwona kutoka juu sana, maana ndege huyu hutafuta mizoga kwa macho, wala si kwa pua. Akishuka, mwenzake aliye mbali angani huuona mshuko ule na kumfuata. Wa tatu humfuata wa pili. Muda si mrefu mzoga umezungukwa na makumi ya ndege wakisukumana. Asidi ya matumbo yao ni kali mno, na vijidudu vingi vya maradhi huishia humo.

Kushuka kwao kwa wingi namna hiyo ndiko kunakowaponza.

Mfugaji aliyeuliwa ng'ombe na simba huyatia mabaki dawa ya kuua wadudu wa shambani, akimlenga simba. Uchungu wake unaeleweka: ng'ombe ni ada ya shule, ni mahari, ni akiba ya nyumba nzima. Lakini hata simba asiporudi, tumbusi hawakosi, na mzoga mmoja huua kundi zima. Majangili nao hutia sumu kwa makusudi, kwa sababu tumbusi wakizunguka angani huwaonyesha askari wa wanyamapori mahali tembo alipouawa. Nchini Botswana, Juni 2019, mizoga ya tembo watatu iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537.

Pengo hilo halizibwi upesi. Tumbusi mgongo-mweupe hutaga yai moja tu kwa mwaka, huliatamia takriban siku 56, kisha kinda hukaa kiotani kama miezi minne. Tangu 2015, shirika la uhifadhi la IUCN limemweka kati ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, pamoja na tumbusi wa Rüppell.

Kinga yao huanzia zizini. Huko Simanjiro, Tanzania, wafugaji wamezungushia maboma wavu wa chuma unaoshikiliwa na miti hai badala ya nguzo kavu, na simba hupata taabu kuingia usiku. Ng'ombe akilala salama, hakuna kisasi cha kulipiza. Na wewe ukikuta tumbusi wamekufa kando ya mzoga, usiwaguse, kwani sumu hiyo huweza kupenya ngozi ya mtu. Waite askari wa wanyamapori haraka, mzoga uteketezwe kabla kundi jingine halijashuka.