Mtoto Mchanga Anayeshindwa Kupumua: Je, Tununue Chumba cha Shinikizo?



Katika ziara za sharika za pwani, toka Kilwa hadi Lindi, tumeulizwa swali zuri: kwa nini mradi wa mama na mtoto usinunue chumba cha oksijeni ya shinikizo kwa watoto wachanga mahututi?

Chumba hicho ni nini?
Ni kama tangi linalofungwa kabisa. Mgonjwa akiwa ndani hupumua oksijeni kwa shinikizo kubwa kuliko la hewa ya kawaida. Huwafaa hasa wazamiaji walioibuka haraka mno kutoka kina kirefu.

Je, kiliwahi kujaribiwa kwa watoto?
Ndiyo. Agosti 1963, Patrick, mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani aliyezaliwa njiti, aliwekwa katika chumba hicho huko Boston. Alifariki akiwa na umri wa saa 39. Mapafu yake yalikuwa hayajakomaa, na shinikizo la chumba halikomazi mapafu. Tena oksijeni ikizidi huweza kumpofusha njiti.

Nini basi huokoa?
Kwanza, dakika ya kwanza. Mtoto asiyelia akaushwe na kusuguliwa mgongo; akishindwa bado, apuliziwe hewa kwa mfuko na barakoa. Mafunzo haya yalipotolewa katika hospitali 8 nchini, matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47.

Pili, oksijeni inayopimwa. Kuna mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani kwa kutumia umeme. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ilikatika Somanga. Siku kama hizo mitungi haifiki, wala rufaa haiendi. Kwa njiti, mrija wa puani huunganishwa na mwingine unaozama katika chupa ya maji. Shinikizo dogo linalopatikana huzuia mapafu kusinyaa.

Tatu, joto: ngozi kwa ngozi, kifuani mwa mama.

Ombi letu
Wafadhili, msichangie chumba. Changieni mifuko ya kupulizia, mashine za oksijeni, vipimo vyake, umeme wa akiba na mafunzo ya mafundi. Mashine isiyo na fundi huishia stoo. Kamati za sharika, tengeni mfuko wa nauli ili kila mama ajifungulie kituoni. Dakika ile ya kwanza haisubiri gari.