Kabla Upeleke Doh Luthuli: Vile Utachagua GPU ya Desktop Yako Mzee Bila Kuuziwa Mbuzi kwa Gunia

Tuseme ukweli, wasee wengi wa gemu na editing hapa Nairobi hawana mashine mpya. Wako na desktop ya ex-UK, Dell OptiPlex ama HP EliteDesk, yenye ilitumika kwa ofisi ya mtu majuu, ikauzwa tao, na saa hii iko kwa keja Kawangware, Kangemi ama Uthiru ikisukuma kazi. Prosesa bado inajikaza. Chenye kimechoka ni GPU.

Sasa unataka kuenda tao ukiwa na ganji mfukoni na swali moja: "GPU gani ni kali?" Hapo ndio watu hukula hasara. Swali la maana ni hili: mashine yako inaweza beba GPU gani?

Kwanza, hakikisha mgonjwa ni GPU

Kabla utoe hata soo moja, zima mashine, chomoa waya ya stima, fungua boksi na utoe vumbi. Kama feni imekwama, ata kadi poa itachemka na kuanza kukwama kwa gemu. Halafu toa hiyo kadi na uchomeke skrini kwa madabodi moja kwa moja. Prosesa nyingi za Intel kwa hizi mashine ziko na grafiki zao ndani. Kama picha sasa ni safi bila mistari na madoadoa, basi mgonjwa umempata.

Hesabu ya wati ndio kusema

Sloti yenye unachomeka kadi hutoa wati 75 pekee. Kadi ikitaka zaidi, lazima ipate waya yake kutoka kwa pawa saplai: ya pini 6 inaongeza wati 75, ya pini 8 inaongeza 150.

Sasa cheki chenye uko nacho. OptiPlex 9020 ile ndogo iko na pawa saplai ya wati 255, na tower yake ni 290. EliteDesk 800 G1 ndogo ni 240. Na hizo wati si za GPU pekee, prosesa na diski pia zinakula hapo. Waya ya GPU kwa kawaida hakuna kabisa. Ukibeba RX 580 juu beshte alikuambia ni moto, hiyo inakula wati 185. Itakuzimia katikati ya mechi, ama ikatae kuwaka.

Kuna fundi atakuambia, "Hiyo si noma, tutaweka adapta kwa waya ya diski." Buda, kataa. Waya ya SATA imetengenezwa kubeba karibu wati 54 za volti 12. Ukiilazimisha inayeyuka, na hapo ni keja yako inacheza na moto.

Na usidhani utabadilisha pawa saplai tu. Ya 9020 iko na plagi ya Dell yenyewe, ile ya kawaida haiingii bila adapta. Kwa ufupi: kama mashine ni ya ofisi, tafuta kadi ya wati 75 kushuka chini, yenye haina tundu la waya.

Pima boksi

Zile desktop nyembamba hazimezi kadi ya kawaida. Zinataka kadi fupi, zile za "low profile", na kipande chake kifupi cha chuma cha kufungia nyuma. Beba rula, pima urefu na nafasi, piga picha ndani ya boksi na uende nayo dukani. Picha moja itakuokolea fare ya kurudi tao mara mbili.

Sasa kadi zenyewe

GT 1030 ni ya mtu wa gemu za zamani na muvi. Lakini ziko mbili kwa jina moja: ya GDDR5 na ya DDR4. Hiyo ya DDR4 ni polepole sana. Soma boksi.

GTX 1050 Ti ya 4GB ilitoka 2016, inakula wati 75, na bado inasukuma gemu nyingi ukishusha settings. Shida ni umri. Nvidia ilifunga draiva za kawaida za kizazi hicho Oktoba 2025, kimebaki tu kurekebishiwa usalama hadi Oktoba 2028. GT 1030 iko kwa boti hiyo hiyo. Kama bei si ya chini kabisa, ruka.

GTX 1650 ya 2019 iko na nguvu kuliko hiyo na draiva bado zinakuja. Chunga tu, kuna zenye zinataka waya ya pini 6. Chagua ile haina.

RTX 3050 ya 6GB ilitoka 2024 na inakula wati 70. Hii ndio tamu kwa mashine ya ofisi kama mfuko unaruhusu. Lakini kuna RTX 3050 ingine ya 8GB, hiyo inakula wati 130 na inataka waya. Jina moja, kadi mbili tofauti. Uliza ni GB ngapi.

RX 6400 ni ndogo na inakula wati 53, lakini imetengenezewa madabodi mpya. Kwa mashine mzee inapoteza spidi, na haina kifaa cha kurekodi video. Kama wewe ni wa kustrimu ama editing, wachana nayo.

Chunga feki

Kuna kadi za kitambo zimebadilishwa programu ya ndani ndio zijiite GTX 1050 Ti. Windows itaamini. Mchezo ukianza, ukweli unajitokeza. Dawa ni GPU-Z, programu ya bure yenye hugundua feki nyingi na kuandika FAKE mbele ya jina. Weka kwa flash disk uende nayo.

Cheki na matundu pia. 1050 Ti ya ukweli haina tundu la VGA, kwa hivyo ukiliona hapo, hepa. Na kama skrini yako ni ya VGA pekee, weka bajeti ya adapta ya kugeuza HDMI.

Ukifika tao

Usinunue kwa duka la kwanza. Uliza maduka matatu kati ya Luthuli na Moi Avenue, bei hazifanani. Omba kadi iwashwe ukiwa hapo na gemu ichezwe dakika kumi na tano, juu kadi iliyochoka huanza kusumbua ikipata joto. Lipa na M-Pesa kwa till ya duka, si namba ya msee amesimama mlangoni. Risiti iandikwe jina kamili la kadi, GB zake na siku za warantii. Muuzaji akikataa kuandika, hiyo ni jibu tosha. Rudisha doh mfukoni, panda mat, urudi mtaa.